Nyumba Ndogo ya Kupanga

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, pole sana, umenikuta nimeshaharibikiwa. Kama tuko pamoja tangu mwanzo, pole zaidi, maana muda wote huo ungeweza kufanya jambo la maana.

Kwa kifupi basi, kwa ajili ya wageni. Mimi ni fundi wa mapazia. Mchumba wangu ni fundi wa mafriji na mtaa mzima unamwita Barafu, ingawa kusema kweli ni mtu wa joto. Tunataka kuoana. Jambo dogo tu hilo, watu wawili kupendana na kuoana, lakini limeshanimaliza usingizi na kiuno.

Kinachotutesa ni mahali pa kufanyia. Mama mkwe wangu mtarajiwa, ambaye kwenye vikao vya harusi hataki kuitwa mama bali Mwenyekiti, anautaka ule ukumbi mkubwa wa mjini wenye ngazi za dhahabu ya bandia na spika kubwa kama makabati. Anataka watu mia sita. Mimi watu ninaowajua na kuwapenda hawazidi sitini, na hapo nimemhesabu hadi muuza nyuzi.

Mimi nataka harusi ndogo, shambani, penye hewa, mahali ambapo nitapanga mwenyewe kila kitu kuanzia pazia hadi kijiko. Wala si maringo. Ni kwa ajili ya baba yangu.

Baba alipigwa kiharusi mwaka juzi. Zamani alikuwa mwamuzi wa mpira, mtu wa kukimbia na kufokea vijana wenye misuli. Sasa upande wa kulia umelegea, anatembea na mkongojo, na anakaa kwangu. Siku moja tulimpeleka kwenye sherehe ya jirani. Spika zikaunguruma, watu wakajaa, mzee akaanza kutetemeka mwili mzima, nikamtoa nje nimemshika kwapa. Siku hiyo niliapa kwamba kwenye harusi yangu baba atakaa mpaka mwisho, la sivyo sifungi.

Hadi wiki iliyopita nilikuwa nimeshapoteza mahali pawili. Bustani ya kwanza ilitekwa na nyuki. Ya pili, bwana aliyekuwa anatukodishia hakuwa mwenye mali, alikuwa amelala hapo tu kusubiri mvua iishe. Mlisoma, na wengine mlicheka, nimewasikia.

Sasa tuendelee na kikao.

"Harusi ndogo, harusi ndogo," Mwenyekiti alisema, akinikunjia mdomo mbele ya ndugu wote. "Harusi ikishakuwa ndogo hiyo si harusi tena. Ni kiharusi."

Neno likawa limeshatoka. Mwenyekiti mwenyewe akaziba mdomo kwa mikono miwili, maana baba alikuwa amekaa palepale mbele yake, mkono wa kulia umelala pajani.

Baba akacheka. Alicheka mpaka mkongojo ukaanguka.

"Mimi changu nilishapata," akasema kwa ule ulimi wake mzito. "Tena bila kamati."

Ndugu wakapata ruhusa, wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira za kuchemsha chai.

"Sasa mzee wetu tutamweka wapi?" Mwenyekiti akauliza haraka haraka, akitafuta mlango wa kutokea. "Maana na hali yake hii, lazima tumfikirie."

"Baba niachieni mimi," nikamjibu. "Mimi nitampangia pake. Padogo, pa kimya, mbali na makelele yenu."

Kikao kikafungwa na amri moja: nipate mahali kabla ya mwezi kuisha, au ukumbi wa mia sita unapita bila kupingwa. Barafu hakuwepo kunitetea. Alikuwa amejikunja ndani ya friji la bucha, anatafuta gesi inakovujia.

Mwezi ukaanza kuyeyuka na mahali hapaonekani. Halafu mchana mmoja Mwenyekiti akaja dukani kwangu kuangalia pazia lake la sebuleni. Simu yake ikalia, akaingia nyuma ya majora ya vitambaa kuipokea. Watu hudhani vitambaa huzuia sauti. Sauti ya Mwenyekiti haizuiwi hata na zege.

"Ndiyo, ni nyumba ndogo ya kupanga," nikamsikia. "Huko shamba kabisa. Kimya, ni bata tu. Na mwenye nyumba anasema upange unavyotaka, hana masharti... Hapana, binti asiambiwe kwanza. Ana mambo mengi, mwache. Akikuta limeshaiva atashukuru."

Mguu wangu ukabaki juu ya cherehani.

Huyu mama! Huyu mama niliyemsema kwa majirani, kwa wateja, kwa muuza nyuzi! Kumbe amelainika. Kumbe kanitafutia mahali kimyakimya, padogo, shambani, pa kupanga ninavyotaka! Nikainamisha uso kwenye pazia lake nikalia, na kwa ile furaha nikalishona upindo upande usio wake.

Alipoondoka nikamwambia mpiga pasi wangu, "Kesho namwambia Barafu anipeleke nikaone nyumba ndogo."

Mpiga pasi akaweka pasi chini. "Nyumba ndogo ya nani?"

"Yetu."

"Akupeleke mwenyewe?"

"Si ndiyo."

"Kweli wanaume wa siku hizi wamekosa haya," akasema. Ikabidi nimweleze kwamba nazungumzia nyumba yenye bati na madirisha, si mwanamke wa pembeni. Hakuniamini. Mpaka leo ananiangalia kwa huruma.

Jioni nikamfuata Barafu kwenye karakana yake.

"Nimejua kuhusu ile nyumba ya shamba," nikamwambia.

Spana ikamponyoka. "Mama alisema usiambiwe mpaka iwe tayari."

"Kumbe na wewe unaijua?"

"Mimi ndiye niliyemwambia mama. Nilikwenda kutengeneza friji la mwenye nyumba."

Nikamrukia shingoni, mafuta yote ya kompresa yakahamia kwangu. "Nimefurahi mpaka nimelia!"

Barafu akanishika mabega akaniangalia kama mtu anayetafuta gesi inakovujia.

"Umefurahi," akasema.

"Sana! Unajua jambo hili limeninyima usingizi?"

"Hata mimi. Fundi, hukuona tungeweza kufanya palepale nyumbani? Chumba si kipo."

"Pale kwangu? Padogo, na makelele yale ya mtaa."

"Mzee hajawahi kulalamika."

"Mzee halalamiki. Ndiyo maana lazima sisi tumwamulie."

Akaokota spana. Akaifuta kwa muda mrefu kuliko spana inavyohitaji. Mimi nikajisemea kachoka, mafriji yamemchosha.

"Kesho twende nikapaone," nikasema. "Na baba twende naye."

"Na mzee mwenyewe?"

"Sasa tutamwachaje, na jambo lenyewe ni lake?"

Barafu akasema sawa.

Kesho yake tukajibana watatu kwenye pikapu, nyuma tumebeba friji la mtu. Baba alikuwa amevaa shati lake jeupe la kutokea. Nilimfunga vifungo mwenyewe, kama kila siku, na siku hiyo hata kusema "niache nijaribu" hakusema.

"Kumbe umeshaambiwa," akaniambia tulipotoka mjini.

"Nimeambiwa, baba. Na nimepapenda hata kabla sijapaona. Wewe je?"

"Mimi sina neno."

"Pana kimya, baba. Ndicho nilichokuwa nakutafutia."

Akageuza uso dirishani. Nikaona anafurahia mandhari.

"Polepole hapo mbele," akamwambia Barafu baadaye. "Kuna shimo."

Kweli kulikuwa na shimo.

"Baba umejuaje?"

"Mashimo hayakosekani."

"Sasa kata kushoto, penye tangi bovu," akaongeza, na tangi bovu likajitokeza. Nikamwangalia Barafu. Barafu alikuwa anaendesha kwa umakini ambao sijawahi kuuona maishani mwangu.

Mwisho wa njia kulikuwa na nyumba. Na mimi, pamoja na yote yaliyofuata, nitasema ukweli: ilikuwa nzuri. Vyumba viwili, kibaraza kipana, uwanja wa majani uliokatwa vizuri, bata wanapita na shughuli zao. Madirisha makubwa yanayolilia pazia. Niliiona harusi yangu pale yote nzima, nikamwona na baba kwenye kiti chake karibu na mlango, anatabasamu.

Mbwa mkubwa akatoka mbio. Akatubwekea mimi na Barafu kama wezi. Halafu akamfuata baba, akanusa mkongojo, akaanza kutikisa mkia na kuulamba ule mkono wa kulia usiojiweza.

"Mbwa wanawajua wazee," Barafu akasema, macho yakiwa mawinguni.

Mwenye nyumba akatokea nyuma ya banda la bata, mama wa makamo mwenye mabuti ya mpira na sauti ya kuitia ng'ombe kutoka kijiji cha pili.

"Karibu tena, mzee!" akasema. Nami nikasikia hilo "tena" nikaliweka kwenye fungu la ukarimu. "Na huyu ndiye binti?"

"Ndiye mimi, mama, shikamoo. Mwenye shughuli yake."

"Marahaba. Umefanya jambo la maana kuja kuona mwenyewe. Wengine hutupa tu wakaondoka."

Sikuelewa, lakini nilishatoa futi yangu mfukoni na nikishatoa futi huwa sielewi kingine. Baba akakaa kwenye kibaraza, mbwa akamlalia viatuni. Mimi nikaingia ndani na mwenye nyumba, Barafu nyuma yetu kama mtu anayesindikiza maiti.

"Kwanza nikuulize, mama. Hapa mtu anapanga mwenyewe?"

"Sasa asipopanga mwenyewe, apangiwe na nani?"

"Yaani naweza kubadilisha nitakavyo?"

"Pazia badilisha, rangi badilisha. Mimi si mtu wa mambo mengi."

Nikaona huyu ni mama wa ndoto zangu. Nikapima dirisha la kwanza na la pili.

"Huu ukuta wa katikati hautoki?"

"Umekukosea nini?"

"Unabana. Ukitoka, watu wataonana."

"Watu gani?" akacheka. "Mtu na mbwa wake?"

Nami nikacheka, kwa adabu. "Tutakuwa kama sitini hivi."

"Sitini nini?"

"Watu. Lakini usihofu, wengi watakaa nje."

Mwenye nyumba akamtazama Barafu. Barafu akautazama ukuta.

"Watu sitini," akasema taratibu. "Watakaa nje ya nyumba yangu. Mvua ikinyesha?"

"Kutakuwa na turubai. Ikizidi tutawaingiza ndani."

"Mpaka lini?"

"Wakichoka kucheza wataondoka wenyewe. Muziki mdogo tu, maana baba hapendi kelele."

"Wanacheza," akasema mwenye nyumba.

"Kidogo. Choo nimekiona, mama, ni kizuri, ila hakitatosha. Nitaleta vingine vinne vya kukodi, tuvipange pale kwa bata."

Mwenye nyumba akatafuta stuli akakaa. Akanishika mkono kama daktari mwenye habari mbaya.

"Vyoo vitano," akasema. "Binti yangu, niambie ukweli. Huyu mzee anaumwa nini?"

"Mzee yupi?"

"Mzee wako. Mpangaji. Alipokuja mara ya kwanza alisema ni mguu tu, hakusema habari za tumbo."

"Mpangaji ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye ninayepanga harusi."

"Harusi ya nani? Mimi napangisha nyumba."

Lugha yetu ina maneno mengi, mazuri, ya kutosha watu wote na wageni wao. Siku hiyo yote yalikuwa yamekwenda likizo, likabaki hilo moja kufanya kazi za wenzake.

Nikatoka kibarazani. Futi ilikuwa inaburuta nyuma yangu kama mkia.

"Baba. Umewahi kuja hapa?"

Baba hakuinua macho kutoka kwa mbwa. "Mara kadhaa. Mama mkwe wako alinileta."

"Kufanya nini?"

"Kuona pangu."

"Pako pa nini?"

Sasa akaniangalia. "Si ulisema utanipangia pangu? Padogo, pa kimya. Mbali."

Wapenzi wasomaji, mimi nimeumwa na nyuki, mlisoma. Hawakuuma hivi.

"Barafu," nikaita, na sauti ilitoka nyembamba. "Wewe ulijua kwamba baba anahamishwa kutoka kwangu?"

"Sasa si wewe ndiye uliyeomba?" Barafu naye akapandisha sauti. "Mama alikuja akaniambia umesema mbele ya kikao kizima! Nikashangaa, nikasema huyu si yule ninayemjua. Halafu unakuja karakana unanirukia, eti umefurahi mpaka umelia! Nimekesha, Fundi. Nimekesha najiuliza naoa mtu gani."

"Mpigie mama yako. Weka sauti kubwa."

Haikuhitaji sauti kubwa. Mwenyekiti akapokea, bata wakanyamaza.

"Mama," nikasema, "nani alikutuma umtafutie baba yangu nyumba ya kupanga?"

"Wewe!" akajibu. "Si nilikuuliza mzee tutamweka wapi, ukasema mwenyewe: baba nitampangia pake, padogo, pa kimya, mbali na makelele yenu? Ndugu wote walisikia! Nikaona una mengi kichwani, nikakusaidia. Sasa kosa langu lipi?"

"Nilikuwa nasema kiti!"

"Kiti?"

"Kiti, mama! Kwenye harusi! Kiti chake na meza yake pembeni, mbali na spika!"

Simu ikanyamaza. Sijawahi kumsikia Mwenyekiti amenyamaza, nilidhani mtandao umekatika.

"Sasa mbona hukusema kiti?" akauliza hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Halafu akasema, "Mungu wangu, yule mzee," akakata.

Nikapiga magoti pale kibarazani, kati ya mbwa na mkongojo. Nililia bila adabu, kamasi na kila kitu. Nilikuwa namwona baba usiku wa kikao kile, amelala chumba cha pili, anafikiri mtoto wake wa pekee amemchoka mbele ya watu. Na asubuhi nimeingia kumfunga vifungo, naye kakaa kimya amefungwa.

"Kwa nini hukuniuliza, baba?"

"Ningekuuliza nini?" akasema. "Ungekana. Watoto hukana. Nikaona una haki yako. Unaolewa, nyumba ni yako. Mechi ikiisha mwamuzi anatoka uwanjani, hasubiri kufukuzwa."

"Sikutaka utoke. Hata siku moja sijataka."

"Kweli?"

"Kweli, baba. Hii harusi ndogo yote ni kwa ajili yako. Si unakumbuka kwa jirani? Ulivyotetemeka kwa sababu ya watu?"

Baba akanitazama kama mwamuzi anavyomtazama mchezaji aliyeomba penalti ya uongo.

"Kutetemeka kwa sababu ya watu? Mimi niliyezomewa na viwanja vizima?" Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nataka kucheza. Walipiga wimbo wa ujana wangu, mguu ukakataa kuinuka. Nikawa naulazimisha. Ukaja ukanishika kwapa ukanitoa."

Barafu akakohoa, akaenda kuangalia friji lililokuwa nyuma ya pikapu. Halikuwa na tatizo lolote alilolijua yeye wala mwenye friji.

Nikapangusa uso kwa mkono wa gauni. Nilikuwa nimechoka, lakini kifua kilikuwa kimeanza kufunguka. Yalikuwa maneno tu. Tumeelewana vibaya, tumeelewana tena. Nikasimama.

"Basi yameisha, baba. Inuka turudi nyumbani. Hapa tutapafanya pa harusi kama mwenye nyumba akikubali, siku moja tu, halafu tunamwachia nyumba yake."

Baba hakuinuka.

"Kuna tatizo moja," akasema.

"Lipi?"

"Sasa napataka."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mara ya kwanza nilikuja kwa uchungu," akasema, polepole, akichagua kila neno kama anayevuka mto juu ya mawe. "Nikapaona, nikasema sawa, hata hapa pana mahali pa kufia. Mara ya pili nilitembea peke yangu kutoka hapa hadi kwa bata. Nikaanguka."

"Ulianguka!"

"Nikaanguka. Mama mkwe wako alikuwa ndani na mwenye nyumba, wanaongea. Hakuna aliyeniona, ila huyu mbwa. Nikashika ukuta, nikashika mkongojo, nikasimama. Mwenyewe. Kwako sijawahi kupata nafasi ya kuanguka, mwanangu. Unanidaka kabla."

Nikaanza kuikunja futi iliyokuwa inaburuta.

"Unanikatia nyama," akaendelea. "Unanifunga vifungo. Unanikunja na kuninyoosha kama mapazia yako. Kwa mapenzi, najua. Lakini nimechoka kupigwa pasi."

"Na ukianguka usisimame?" nikafoka. "Nani atajua? Bata?"

"Mimi nipo hapo nyuma," mwenye nyumba akasema kutoka mlangoni. "Na nina masikio."

"Mama, naomba usiingilie."

"Ni nyumba yangu, binti. Naingilia nikiwa kwangu."

Baba akacheka, kile kicheko cha kikao. Nikawaangalia wawili hao. Nikaona jinsi mwenye nyumba alivyogeuka haraka kutazama bata. Hilo nikaliweka pembeni, maana kila jambo kwa wakati wake.

"Na harusi yako," baba akasema, "ifanye kubwa. Chukua ukumbi wa mama mkwe wako. Weka watu mia sita. Nataka kuingia na wewe, nimekushika mkono, wote wanione natembea. Nitafanya mazoezi hapa. Ukinifungia kwenye kiti karibu na mlango, sitakusamehe."

"Mimi sitaki watu mia sita! Mimi mwenyewe, baba, si kwa ajili yako! Nataka hapa!"

Nilishangaa kulisikia likitoka. Lakini lilikuwa kweli. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mguu wake muda wote huo, kumbe aliyeogopa umati ni mimi.

"Sikilizeni," akasema mwenye nyumba. Alikuwa ameingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yake, na ulipotoka ulikuwa na funguo. "Mimi sina nyumba mbili za kupangisha. Kuna mwalimu anakuja leo hii kuiona, na yeye hana mbwembwe. Mzee akiichukua, anaichukua leo, na kwenye nyumba ya mpangaji sileti watu sitini wala vyoo vitano. Mkiichukua ya harusi, nitawawekea mpaka siku yenu, na baada ya hapo anaingia mwalimu, mzee hapati. Nimemaliza."

Akanyoosha mkono, funguo zinaning'inia.

"Nampa nani?"

Barafu alikuwa amerudi. Akaniangalia mimi, akamwangalia baba, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu tuchumbiane akawa na akili ya kuufunga.

Baba akaegemeza mkongojo ukutani. Akasimama bila kushika kitu. Halafu akanyoosha mkono kuelekea funguo. Si ule wa kushoto. Ni huu wa kulia, ambao daktari alituambia tuusahau. Ukainuka pajani, ukatetemeka, ukapita kiunoni, ukawa unapanda.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikanyoosha wangu kuelekea funguo hizohizo.